Anayefungua Ndiye Afungaye: Mwongozo wa Fankisheni Saidizi kwa Wanaoendesha Excel kwa Msimbo

Muhula ukifunguliwa, shule za kibinafsi za Eastlands jijini Nairobi, kama zile za Umoja, Kayole, Komarock na Dandora, huanza kutafuta kijana wa kompyuta. Kazi huwa ni ile ile. Wazazi wamelipa karo kwa paybill, taarifa ya M-Pesa imepakuliwa, daftari la karo liko kwenye Excel, na mwalimu mkuu anataka kila mtoto aende nyumbani na karatasi ya salio lake. Ukijua Python kidogo, unaandika programu ya kusoma taarifa ile, kujaza daftari na kuchapisha salio. Kwenye saiba unakofanyia kazi, programu inakwenda vizuri.

Unaipeleka shuleni. Baada ya siku chache mhasibu anapiga simu: kompyuta imekuwa nzito, daftari linafunguka kwa kusoma tu, na Excel inasema faili inatumiwa na mtu mwingine, ilhali ofisi nzima ina mtu mmoja. Huyo mtu mwingine ni programu yako. Iliwasha Excel isiyoonekana, ikafungua daftari, ikakwama njiani na kuacha kila kitu wazi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefanya kazi za namna hiyo. Utajenga fankisheni saidizi chache, fupi, ambazo utazibeba kutoka mteja mmoja hadi mwingine. Zote zinasimama juu ya kanuni moja: anayefungua ndiye afungaye, na kufungua na kufunga vikae sehemu moja ya msimbo, vionekane kwa jicho moja.

Excel inavyoendeshwa kutoka nje

Programu nyingi za kusoma faili huingia moja kwa moja ndani ya faili. Njia tunayozungumzia hapa ni tofauti. Python inaiomba Windows iwashe Excel nzima, kama mchakato unaojitegemea, kisha inakabidhiwa kijenzi cha kuiongozea: fungua faili hii, andika kwenye seli ile, chapisha. Mfumo unaowezesha hayo unaitwa COM. Microsoft iliuanzisha mwaka 1993 ili programu iliyoandikwa kwa lugha moja iweze kutumia vijenzi vya programu iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Word nayo huendeshwa kwa njia hiyo hiyo. Upande wa Python, mlango wake ni maktaba ya pywin32, iliyoanzishwa na Mark Hammond.

COM huishi kwa hesabu. Kila anayeshika kijenzi huongeza moja kwa amri ya AddRef, na akimaliza hupunguza moja kwa amri ya Release. Fikiria bawabu wa ukumbi wa jamii pale Kaloleni anayehesabu walioingia: hafungi mlango mpaka wa mwisho atoke, na mmoja akilala ndani, taa zitawaka hadi asubuhi.

Python hukufanyia hesabu hiyo kimyakimya. Jina linaloshika kijenzi likifa, Release inaitwa. Basi kwa nini Excel inabaki? Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza, hitilafu inatokea katikati na mstari wa kufunga haufikiwi kamwe. Ya pili, Excel inauliza swali, kwa mfano kama unataka kuhifadhi mabadiliko, lakini dirisha limefichwa na hakuna wa kujibu. Ya tatu, programu yako ina dirisha lenye vitufe na inakaa wazi siku nzima, kwa hiyo majina yanayoshika vijenzi hayafi.

Tazama msimbo ambao wengi huanza nao:

```python
import win32com.client as com

excel = com.Dispatch("Excel.Application")
faili = excel.Workbooks.Open("karo.xlsx")
jaza_karo(faili)
faili.Save()
excel.Quit()
```

Mistari hii inaonekana safi, lakini ina mashimo manne. Mzazi mmoja akiandika jina la mtoto mahali pa nambari ya usajili, `jaza_karo` inaanguka na `Quit` haifikiwi. Jina la faili halina njia kamili, na folda ambayo Excel inaianzia si lazima iwe ile ya programu yako. Faili inaandikwa juu ya yenyewe, kwa hiyo umeme ukipotea katikati ya kuhifadhi, daftari la muhula mzima liko hatarini. Shimo la nne ndilo baya zaidi, na tutaliziba katika hatua ya kwanza.

Kabla ya yote: je, unaihitaji Excel?

Kama unachotaka ni kusoma safu za faili ya .xlsx na kuandika nyingine, maktaba ya openpyxl inafanya hivyo bila kuwasha Excel kabisa. Haihitaji Windows, na hakuna mchakato wa kusahaulika. Kijenzi salama kuliko vyote ni kile ambacho hukukiunda.

Lakini openpyxl ina mipaka. Haikokotoi fomula: ukiisoma faili kwa `data_only=True` unapata thamani ambazo Excel ilizihifadhi mara ya mwisho, wala hazibadiliki kwa sababu umebadilisha seli nyingine. Haichapishi. Na faili za zamani za .xls haizisomi. Daftari la karo la shule nyingi limejaa fomula zilizotungwa na wahasibu watatu waliopita, na karatasi za salio zinatakiwa kutoka kwenye printa zikiwa na nembo na mistari yake. Hapo utaihitaji Excel yenyewe, na hapo fankisheni saidizi zinahitajika.

Jambo moja la kukumbuka: Microsoft haipendekezi Office iendeshwe kwa njia hii kwenye seva au huduma isiyo na mtu mbele yake. Programu yako iendeshwe na mhasibu akiwa ameketi kwenye kompyuta, si usiku wa manane ikiwa peke yake.

Hatua ya 1: Washa Excel yako, usiguse ya mwenye ofisi

`Dispatch` hutazama kwanza kama kuna Excel iliyo wazi tayari. Ikiipata, inaishika hiyo hiyo. Sasa fikiria mhasibu amefungua orodha ya mishahara, ameandika nusu saa bila kuhifadhi, kisha anabonyeza kitufe cha programu yako. Programu inaishika Excel yake, inafanya kazi, halafu inaita `Quit`. Kama ulikuwa umezima maonyo, Excel inafunga bila kuuliza na kazi ya nusu saa inapotea. Hilo ndilo shimo la nne.

Dawa yake ni `DispatchEx`, ambayo daima huwasha mchakato mpya. Iweke ndani ya fankisheni moja inayofungua na kufunga:

```python
from contextlib import contextmanager
import win32com.client as com

@contextmanager
def excel_ya_kazi():
    excel = com.DispatchEx("Excel.Application")
    try:
        excel.Visible = False
        excel.DisplayAlerts = False
        excel.AutomationSecurity = 3
        yield excel
    finally:
        excel.Quit()
```

Angalia `try` ilipo. Inaanza mara tu kijenzi kinapopatikana, kabla ya mpangilio wowote. Ukiiweka chini zaidi, hitilafu katika mstari wa `Visible` itaacha Excel ikiwaka. Mahali pa `yield` ndipo kazi ya mtumiaji inapofanyika, na `finally` inahakikisha `Quit` inaitwa, kazi ikiwa imefaulu au imeanguka.

`DisplayAlerts = False` inazuia yale maswali yasiyo na wa kuyajibu. Mstari wa `AutomationSecurity` wengi huuruka, na hawapaswi. Excel ikiwashwa kwa msimbo, makro zilizo ndani ya faili huruhusiwa kuanza zenyewe. Faili za shule hupita kwenye flashi za walimu na kompyuta za saiba, na hujui zimebeba nini. Thamani 3 inazima makro zote za faili zitakazofunguliwa na Excel hiyo, mradi uiweke kabla ya kufungua faili yoyote.

Hatua ya 2: Faili nayo iwe na fankisheni yake

Usichanganye uhai wa Excel na uhai wa faili. Excel moja inaweza kufungua daftari la kila darasa kwa zamu, na kila moja lifungwe kabla ya linalofuata.

```python
import os

@contextmanager
def faili_wazi(excel, njia, kusoma_tu=True):
    faili = excel.Workbooks.Open(
        os.path.abspath(njia), 0, kusoma_tu)
    try:
        yield faili
    finally:
        faili.Close(False)
```

`os.path.abspath` inaipa Excel njia kamili. Sifuri inaiambia isisasishe viungo vya faili nyingine. `kusoma_tu` imewekwa iwe kweli kwa makusudi: anayetaka kuandika juu ya faili asili aseme hivyo waziwazi. Na `Close(False)` inafunga bila kuhifadhi. Kufunga ni lazima kila mara, bali kuhifadhi ni uamuzi, na uamuzi huo ufanywe na msimbo uliofika mwisho salama. Fankisheni ya kufunga ikihifadhi yenyewe, siku ya hitilafu itakuhifadhia daftari lililojazwa nusu, na hakuna atakayejua nusu ipi.

Hatua ya 3: Hifadhi pembeni kwanza

`finally` haina nguvu mbele ya umeme kukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilibaki gizani kwa saa nyingi, lakini mkaazi wa Eastlands hahitaji tukio la kitaifa ili kukumbushwa: stima hupotea bila taarifa, na kompyuta nyingi za ofisi za shule hazina betri ya akiba. Kwa hiyo usiandike juu ya faili asili. Andika nakala, funga kila kitu, kisha ubadilishane majina.

```python
def hariri_kwa_usalama(njia, kazi):
    njia = os.path.abspath(njia)
    mzizi, aina = os.path.splitext(njia)
    muda = mzizi + ".muda" + aina
    with excel_ya_kazi() as excel:
        with faili_wazi(excel, njia) as faili:
            kazi(faili)
            faili.SaveCopyAs(muda)
    os.replace(muda, njia)
```

Mstari wa mwisho haufikiwi ila kila kitu juu yake kikiwa kimefaulu. Umeme ukipotea kabla yake, faili asili haijaguswa. Kama mhasibu ana daftari hilo wazi mbele yake, Windows itakataa ubadilishaji na utapata hitilafu ya ruhusa. Ipokee hitilafu hiyo na umwambie kwa lugha yake: "Tafadhali funga daftari la karo kisha ubonyeze tena."

Fankisheni hii ina faida nyingine isiyoonekana haraka. Mtumiaji wake hapewi kijenzi mkononi. Anatoa kazi, na kazi inafanyika ndani. Majina `excel` na `faili` yanakufa fankisheni inapomalizika, na marejeo yake yanaachiliwa. Jambo hili lina uzito kwa sababu `Quit` peke yake haitoshi: mchakato wa Excel unaweza kuendelea kuwepo mpaka rejeo la mwisho liachiliwe. Ukikihifadhi kijenzi kwenye kigeu cha jumla cha programu nzima, umemzuia bawabu asifunge mlango.

Anayeitumia anaandika hivi tu:

```python
def jaza_karo(faili):
    shiti = faili.Worksheets("Karo")
    safu = shiti.Range("A2:F400").Value
    # kokotoa hapa, kisha rudisha zote kwa pamoja

hariri_kwa_usalama(r"D:\karo\muhula2.xlsx", jaza_karo)
```

Ona kwamba seli zinasomwa zote mara moja. Kila unapogusa seli moja, Python na Excel zinatumiana ujumbe kati ya michakato miwili. Ukipita seli moja moja kwa wanafunzi karibu mia nne, safari ni maelfu na mhasibu atadhani programu imekufa. Ukisoma eneo zima kwa `Value`, unapata safu zote kwa safari moja, unakokotoa ndani ya Python, kisha unaziandika zote kwa safari nyingine moja.

Hatua ya 4: Excel ikiwa na shughuli, subiri kwa kiasi

Kuna hitilafu ambayo si kosa la mtu: Excel iko katikati ya jambo jingine na inakataa wito wako kwa wakati huo. Nambari yake ni -2147418111. Hii inastahili kujaribiwa tena, lakini kwa ukomo.

```python
import time
import pywintypes

IMESHUGHULIKA = -2147418111

def jaribu(kazi, mara=5):
    for zamu in range(1, mara + 1):
        try:
            return kazi()
        except pywintypes.com_error as kosa:
            if kosa.hresult != IMESHUGHULIKA or zamu == mara:
                raise
            time.sleep(zamu)
```

Fankisheni hii inarudia kwa hitilafu moja tu inayoijua. Hitilafu nyingine zote inaziacha zipite, kwa sababu kurudia kosa usilolielewa ni kulizidisha. Ukiandika `except` tupu inayomeza kila kitu, umeua kengele wakati moto unawaka.

Tena, usiifungie ndani yake kazi ambayo ikifanyika mara mbili inaharibu. Kusoma eneo la seli, sawa. Kuongeza malipo kwenye salio la mtoto, hapana, isipokuwa umeweka kinga. Kinga nzuri unayo tayari: kila muamala wa M-Pesa una msimbo wake wa herufi na tarakimu kumi usiojirudia. Weka safu ya misimbo hiyo kwenye daftari, na kabla ya kuingiza malipo, angalia kama msimbo umo. Hapo hata mhasibu akibonyeza kitufe mara tatu kwa wasiwasi, mzazi atahesabiwa malipo mara moja. Malipo yenye nambari ya usajili isiyojulikana yapeleke kwenye shiti ya pembeni ili mtu ayatazame. Yasiangushe kazi ya watoto wengine wote.

Hatua ya 5: Ukiwa na dirisha lenye vitufe

Ukijenga dirisha kwa Tkinter, utagundua linaganda wakati Excel inafanya kazi, na utataka kuihamishia kazi kwenye uzi (thread) wa pili. Hapo utakutana na malalamiko kwamba `CoInitialize` haijaitwa. COM inataka kila uzi ujisajili kabla ya kutumia vijenzi, na ujiondoe ukimaliza. Hii nayo ni jozi ya kufungua na kufunga, kwa hiyo inapata fankisheni yake:

```python
import pythoncom

@contextmanager
def com_ya_uzi():
    pythoncom.CoInitialize()
    try:
        yield
    finally:
        pythoncom.CoUninitialize()
```

Ndani ya uzi, andika `with com_ya_uzi():` kisha uite `hariri_kwa_usalama`. Usiunde kijenzi kwenye uzi mmoja ukakitumia kwenye mwingine. Kiundwe, kitumike na kifungwe kwenye uzi ule ule. Kinachovuka kati ya nyuzi kiwe data ya kawaida: orodha, maandishi, nambari.

Hatua ya 6: Usafi wenyewe unaweza kushindwa

Excel ikianguka yenyewe katikati ya kazi, `Close` na `Quit` zitatoa hitilafu zao, na hizo zinaweza kulifunika kosa la kwanza ambalo ndilo unalolitafuta. Zifunge `Close` na `Quit` kila moja ndani ya `try` yake, upokee `com_error`, na uiandike kwenye daftari la matukio (log). Usiinyamazie kabisa, wala usiiache iangushe programu.

Andika pia nambari ya mchakato unaouwasha. `win32process.GetWindowThreadProcessId(excel.Hwnd)` inakupa nambari mbili, na ya pili ndiyo ya mchakato. Ikitokea Excel yako imegoma kuondoka, unamaliza mchakato huo mmoja tu. Kamwe usitumie amri ya kuua kila EXCEL.EXE kwenye kompyuta. Hiyo ni kumfungia mhasibu kazi yake usoni, na utakuwa umerudi kwenye shimo la nne kwa mlango wa nyuma.

Jaribu kwa kuharibu makusudi

Programu inayofaulu mbele yako haijathibitisha lolote kuhusu kufunga. Fanya majaribio haya kabla ya kuondoka kwenye saiba.

Kwanza, andika kazi inayoanguka kwa makusudi, kama `raise ValueError("jaribio")`, uipitishe kwenye `hariri_kwa_usalama`. Kabla na baada yake, andika kwenye dirisha la amri:

```
tasklist /FI "IMAGENAME eq EXCEL.EXE"
```

Idadi ya michakato iwe ile ile. Ikiongezeka, kuna rejeo linaloishi mahali. Tafuta kigeu cha jumla au kijenzi kilichorudishwa kwa `return`.

Pili, fungua Excel mwenyewe, andika maneno bila kuhifadhi, kisha endesha programu. Maneno yako yawe bado yapo ikimaliza. Tatu, fungua daftari lenyewe kisha endesha programu. Lazima itoe ujumbe unaoeleweka, na faili asili isibadilike. Nne, ikiwa una kompyuta ya majaribio, chomoa waya wa umeme katikati ya kazi. Ukiiwasha tena, daftari asili lifunguke bila malalamiko. Faili ya `.muda` iliyobaki ni ya kufutwa, na programu yako ifanye hivyo inapoanza.

Majina ya watoto si mali yako

Faili hizo za muda zina majina ya watoto, karo zao na simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazigusa shule na wewe unayezifanyia kazi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha na daftari la karo ni vitu tofauti, lakini somo ni moja. Usifanye majaribio kwa daftari halisi kwenye kompyuta ya saiba. Tunga faili ya majina ya uongo. Nakala za muda zikae kwenye folda ya shule, zifutwe kazi ikiisha. Daftari la matukio liandike nambari ya usajili na aina ya hitilafu, si jina la mtoto na deni lake.

Kanuni hii inasafiri nawe

Ukihamia lugha nyingine utaikuta imekutangulia. Bjarne Stroustrup, muasisi wa C++, aliijenga ndani ya lugha yake: kijenzi kinajifunga chenyewe jina lake linapotoka kwenye eneo lake, na tangu mwaka 2011 lugha hiyo ina `unique_ptr` kwa kazi hiyo. Java ilipata `try` inayofunga yenyewe mwaka huo huo, katika toleo la 7. C# ina `using`. Python ilipata `with` katika toleo la 2.5, mwaka 2006. Wote walifika pale pale kwa sababu binadamu husahau, na msimbo unaomtegemea asisahau utaanguka siku ya hitilafu.

Tena si ya Excel peke yake. Printa ya risiti iliyounganishwa kwa USB, hifadhidata ya SQLite ya duka, kamera ya mlangoni: kila kinachofunguliwa kinataka kufungwa. Angalia tu mitego ya kila kimoja. Kwa mfano, kwenye Python, kuandika `with` juu ya muunganisho wa SQLite hukamilisha au kubatilisha muamala, lakini hakufungi muunganisho wenyewe, kwa hiyo ongeza `contextlib.closing`.

Unapokabidhi kazi, weka fankisheni hizi kwenye faili moja, uipe jina linaloeleweka, na juu ya kila fankisheni andika sentensi mbili: inafungua nini, na inafunga lini. Kijana mwingine wa mtaa ndiye atakayeitwa muhula ujao ukiwa umepata kazi kwingine. Mwachie msimbo ambao hawezi kuutumia vibaya hata akiwa na haraka. Shule itakayopita muhula mzima bila kukupigia simu ya malalamiko ndiyo itakayompa mwalimu mkuu wa shule jirani nambari yako.